Mduara mweupe wenye tundu jeusi sio Zohali: utajuaje kama darubini yako imekamata sayari au nyota

"Habari mtaalamu. Nina darubini ya kioo ya milimita 76, imeandikwa 700mm pembeni, imekuja na lenzi mbili za kuchungulia, ya 20mm na ya 4mm, pamoja na Barlow (lenzi ya kuongezea ukuzaji) ya mara tatu, na boksi linasema inakuza mpaka mara 525. Kila nikiitoa uani usiku naona kitu kimoja tu, mduara mkubwa mweupe unaotetemeka, una tundu jeusi katikati na mistari kama msalaba, na nikizungusha fokasi unazidi kuwa mkubwa. Nilijua ndo Zohali na pete zake, ila nikielekeza nyota nyingine naona kitu hichohicho. Kuna nyingine iko chini kabisa inawaka nyekundu, kijani, bluu, programu ya simu inasema ni Mshtarii lakini sioni mistari wala miezi. Na jioni moja nikaona kanusu mwezi kadogo upande wa magharibi wakati mwezi wenyewe haukuwepo, hapo ndo nikajua imeharibika. Nimeuziwa feki au ni macho yangu? Na nitajuaje hii ni sayari, hii ni nyota?"

Ndugu yangu, karibu sana, na pole kwa hizo usiku za kuumiza kichwa. Darubini yako sio feki, kilichodanganya hapo ni boksi. Macho yako bado sina sababu ya kuyashuku, nitarudi huko mwishoni. Alafu kile kitu kilichokufanya uamini imeharibika, kale kanusu mwezi ka magharibi, kwa maelezo yako ndo sayari pekee uliyoikamata mpaka sasa. Ile ni Zuhura. Hongera.

Tuanze na huo mduara manake ndo unaosumbua watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Darubini ya kioo inafanya kazi hivi: mwanga unaingia mdomoni mwa bomba, unaenda kugonga kioo kikubwa kilichojipinda kule chini, unarudi juu ukiwa unajikusanya, unakutana na kioo kidogo kilichokaa katikati karibu na mdomo, nacho kinaupeleka pembeni kwenye lenzi unayochungulia. Hicho kioo kidogo hakielei hewani, kimeshikiliwa na vyuma vyembamba. Sasa kama fokasi haijakaa, mwanga wa nyota unafika jichoni mwako kabla haujamaliza kukusanyika au ukiwa umeshapitiliza, kwahiyo bado umetawanyika na una umbo la njia uliyopita. Duara jeupe ni kioo kikubwa, tundu jeusi ni kivuli cha kioo kidogo, msalaba ni vivuli vya vile vyuma. Yaani siku zote hizo ulikuwa unaangalia picha ya darubini yako mwenyewe, ndo maana kila ulikoelekeza ulikuta kitu kilekile.

Na kosa lenyewe linaeleweka kabisa. Mtu ananunua darubini ili vitu viwe vikubwa, akizungusha kigurudumu akaona kitu kinakua anafurahi anazidi kuzungusha upande huohuo. Kwenye fokasi ni kinyume chake, unazungusha kuelekea upande ambao kitu KINAPUNGUA, kinapungua, kinapungua, tundu linajifunga, ukipitiliza kitaanza kukua tena, basi rudi nyuma kidogo mpaka pale kinapokuwa kidogo kuliko sehemu zote na kina mwanga mkali. Hapo ndo fokasi. Kabla hujafika hapo usijiulize kama ni sayari au nyota, huna namna ya kujua, vyote vinafanana.

Ukishafika hapo ndo tofauti inajitokeza yenyewe. Nyota inabaki nukta ya mwanga. Sayari inakuwa kaduara kadogo ka kweli, kenye ukingo unaouona, na mwanga wake umetulia. Sababu ni umbali. Gawanya digrii moja ya anga vipande 3,600, kila kipande kinaitwa sekunde ya tao. Mwezi mpevu una upana wa kama sekunde 1,800 hivi. Mshtarii ana kati ya 30 na 50 kutegemea tuko karibu naye kiasi gani, Zohali pamoja na pete zake anacheza kwenye 40. Nyota sasa, hata zile zinazoonekana pana kuliko zote ukiacha jua letu, hazifiki sehemu ya kumi ya sekunde MOJA. Na darubini ya milimita 76 inaweza kutenganisha vitu mpaka kama sekunde moja na nusu, basi. Kwahiyo hakuna nyota hata moja utakayoiona kama duara kwenye darubini ya uani, ukiona duara la nyota ni fokasi au ni hewa.

Hili ndo jaribio ambalo mtazama nyota William Herschel alilitumia mwaka 1781. Alikuwa anapita anga na darubini aliyojitengenezea, akakuta kitu ambacho hakikukaa kinyota nyota, akabadilisha lenzi kukuza zaidi, nyota za jirani zikabaki vilevile ila kile kikapanuka. Akadhani ni nyota mkia (kometi), baadae ikajulikana ni sayari mpya, Uranusi. Wewe fanya hivyohivyo: weka 20mm, kaza fokasi vizuri, alafu weka lenzi kali zaidi ukaze fokasi tena. Kilichopanuka na kubaki na ukingo ni sayari, kilichobaki nukta ni nyota. Usisahau kukaza fokasi upya kila unapobadilisha lenzi, la sivyo unarudi kwenye mduara wako.

Tuje kwenye hiyo 525. Ukuzaji unapatikana kwa kugawanya ile 700 (urefu wa fokasi wa darubini yako) kwa namba ya lenzi, kwahiyo 20mm inakupa mara 35, 4mm inakupa 175, na 4mm ukiweka na Barlow ya mara tatu ndo unapata 525 ya kwenye boksi. Hesabu yao ni sahihi, ila haina maana yoyote. Kanuni ya mkono ni kwamba kila milimita ya upana wa kioo inabeba ukuzaji wa kama mara mbili hivi, na hapo hewa iwe imetulia, kwahiyo mwisho wako ni kama 150. Ukizidisha hapo huongezi kitu, unatandaza mwanga uleule kidogo sehemu kubwa zaidi, picha inakuwa giza, inatetemeka, haina ukingo, na tripodi yako nyepesi inacheza kila ukigusa. Mimi ningekuambia Barlow ifungie kwenye boksi kabisa, na 4mm uiguse usiku ule tu ambao kila kitu kimetulia. Anza na 20mm KILA siku.

Najua mara 35 inasikika kama kidogo. Lakini Mshtarii akiwa karibu nasi, kwa mara 35 anakaribia upana wa mwezi unavyouona kwa macho matupu, ni vile tu amezungukwa na weusi mkubwa kwahiyo ubongo unamfanya aonekane kadogo. Vumilia. Kaa kwenye lenzi dakika tano kumi bila kuhama, jicho linajifunza, mambo ambayo hukuyaona dakika ya kwanza yanaanza kujitokeza. Na picha za kwenye boksi zisahau. Nyingine zimepigwa na vyombo vilivyoko angani, na zile za watu wa kawaida zinatengenezwa kwa kurekodi video alafu kompyuta inachagua fremu nzuri kati ya maelfu na kuzilundika pamoja.

Sasa ile inayowaka nyekundu, kijani, bluu. Hiyo karibu hakika ni nyota, na kwa rangi unazozieleza mshukiwa wa kwanza ni Sirius, nyota ng'avu kuliko zote za usiku. Ikiwa chini karibu na upeo, mwanga wake unapita kwenye hewa nene inayochemka, na kwa vile nyota ni nukta tu, kila kitetemo cha hewa kinautupa mwanga huku na kule, rangi moja moja, ni kama sarafu uliyoiona chini ya maji yanayotikiswa. Sayari inatulia zaidi kwasababu kaduara kake kana nukta nyingi, moja ikipepesa nyingine iko sawa, zinafidiana. Ila hii sio sheria ya chuma, sayari ikiwa chini sana nayo inachezacheza, hata utaona ukingo mmoja mwekundu na mwingine wa bluu, hiyo ni hewa inafanya kazi ya prizimu. Lenzi za bei nafuu pia zinaongeza rangi kidogo. Kwahiyo usihukumu kitu kabla hakijapanda digrii 30 hivi, theluthi ya njia kutoka upeo kwenda utosini.

Alafu programu ya simu haikukosea anga, ilikosea mwelekeo. Dira ya simu inavurugwa na chuma, na wewe ulikuwa umesimama pembeni ya tripodi ya chuma, sindio? Inaweza kupotea digrii nyingi tu, ikakubandikia jina la Mshtarii juu ya nyota nyingine. Sogea mbali na chuma, chora namba nane hewani na simu ili dira ijirekebishe, na zaidi ya hapo usiitegemee kuonyesha kidole, itumie kama ramani: inasema Mshtarii yuko kundi gani la nyota, yuko juu kiasi gani, jirani zake ni nani, alafu tafuta mpangilio huo kwa macho yako. Programu ya Stellarium iko bure na inatosha kabisa.

Kuna njia ya kuchuja hata bila simu. Sayari hazizagai anga zima, zinatembea kwenye barabara moja, ileile ambayo jua linapita mchana na mwezi unaifuata kwa karibu, hautoki zaidi ya digrii tano hivi. Angalia mwezi unakopita kwa usiku kadhaa mfululizo utaijua barabara hiyo ulipo wewe. Kitu king'avu kilicho mbali na hapo, hata king'ae vipi, sio sayari, Sirius na Canopus zinatoka hapohapo kwenye orodha. Barabarani penyewe kuna nyota nne za kukuchanganya, Aldebaran, Regulus, Spica na Antares. Hizo zijue kwa majina na sehemu zake. King'avu kingine chochote kwenye barabara hiyo ambacho sio moja ya hizo nne, kuna uwezekano mkubwa ni sayari.

Ukishaipata, sura yake ndo inakuambia ni ipi.

Mshtarii ndo wa kuanza naye. Ni mweupe wa krimu, ametulia, na ukiweka 20mm kitu cha kwanza kitakachokushtua sio yeye, ni nukta mbili mpaka nne zilizojipanga mstari mmoja kushoto na kulia kwake. Hiyo ni miezi yake, Io, Europa, Ganymede na Callisto, ileile Galileo aliyoiona Januari 1610. Hamna kitu kingine angani chenye mpangilio huo, ukiuona umemaliza kesi. Usihangaike ukihesabu mitatu, mmoja unaweza kuwa nyuma yake au mbele yake. Ukitaka uhakika chora ulichokiona, rudi baada ya masaa mawili matatu au kesho yake: Io anamaliza mzunguko kwa kama masaa 42 tu kwahiyo mpangilio utakuwa umebadilika, wakati Callisto anachukua karibu siku 17. Ile mistari miwili ya kahawia ni ngumu zaidi, inataka ukuzaji wa 70 hivi na hewa tulivu, na hapa kuna siri ambayo wengi hawaambiwi: Mshtarii ni mkali mno kwa jicho lililozoea giza, linazidiwa na mistari inamezwa na mwanga. Mwangalie wakati wa magharibi anga halijawa jeusi kabisa, au washa taa uani. Hiyo ya kukaa gizani nusu saa ni kwa vitu hafifu, sio kwa sayari.

Zohali ana rangi ya njano iliyopauka na kwa macho hang'ai sana, wengi wanampita. Kwenye mara 35 utaona kaduara kadogo kalikovutwa pembeni, kwenye 70 utaona pete na pengine mwezi wake Titan kama nyota ndogo pembeni. Lakini chukua tahadhari moja ya miaka hii: pete zake ni nyembamba mno na tunaziona kwa pembe inayobadilika, kila miaka 15 hivi zinatugeukia ubavu na karibu zinapotea. Ilitokea 2009 na tena Machi 2025. Kwahiyo mwanzoni baada ya hapo zinaonekana kama sindano iliyochoma mpira katikati, alafu zinakuwa zinafunguka pole pole mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2030. Galileo mwenyewe alimwona Zohali mwaka 1610 akadhani ni vitu vitatu vilivyoshikana, 1612 akaangalia tena vile vya pembeni havipo, akachanganyikiwa kabisa. Tofauti ya pete za kweli na mduara wako ni hii: za kweli zimelala upande mmoja, hazizunguki duara zima kwa usawa, na ukitoa fokasi zinafifia badala ya kuwa kali zaidi.

Zuhura hana kitu cha kuona juu yake, ni mawingu meupe matupu, ila anabadilika umbo kama mwezi kwasababu anazunguka jua ndani ya njia yetu. Ndo kale kanusu ulikokaona. Ukimfuatilia jioni za wiki zinazofuata kanusu kataenda kuwa kembamba huku kakikua kwa upana, manake anatusogelea. Hatoki zaidi ya digrii 47 hivi kutoka kwenye jua, kwahiyo kitu king'avu utosini saa sita usiku hakiwezi kuwa Zuhura. Utaridi naye ana umbo hilohilo ila mdogo na yuko chini siku zote, muache kwanza.

Mirihi atakuvunja moyo, nakuambia mapema. Ni kanukta ka rangi ya chungwa, na ni kila baada ya miezi 26 hivi ndo anatusogelea akawa na upana wa maana, ilikuwa Januari 2025 na inayofuata ni Februari 2027. Nje ya hapo kwenye milimita 76 ni duara dogo lisilo na kitu. Uranusi utaiona kama nukta ya kijani bluu kama unajua pa kutafuta, Neptuni kama nyota hafifu tu, na wala usione aibu, Galileo huyohuyo aliichora Neptuni mwishoni mwa 1612 na Januari 1613 bila kujua sio nyota.

Mambo madogo yanayoharibu picha: kuchungulia kupitia kioo cha dirisha (hapana kabisa), kuangalia juu ya bati au sakafu ya saruji ambayo imepigwa na jua mchana kutwa, na kutoa darubini ndani na kuanza papo hapo. Iache nje nusu saa joto lake lilingane na hewa. Picha kukimbia kutoka kwenye lenzi sio ubovu, ni dunia inazunguka, kwenye 4mm kitu kinavuka ndani ya dakika moja hivi. Kipeleke ukingoni, toa mkono, acha kitiririke chenyewe ndo utaona kikiwa hakitikisiki. Na ile darubini ndogo ya kulengea ilinganishe mchana kwa mnara au mti wa mbali, usiku utateseka bure.

Kununua nini? Kama utaongeza kitu kimoja, ongeza lenzi ya 10mm ya aina ya Plossl, itakupa mara 70 na hapo ndo pazuri kwa darubini yako. Pima kwanza mdomo wa lenzi zako, kama ni inchi 0.965 badala ya 1.25 lenzi za kisasa hazitaingia bila adapta. Darubini kubwa zaidi nisingeifikiria mpaka umemwona Mshtarii na miezi yake kwa hii, manake matatizo yote niliyoyataja, ukiacha yale ya upana wa kioo, yatakufuata hukohuko.

Sasa lini utafute mtu wa kukushika mkono. Ule mduara wako una kazi moja nzuri: chukua nyota yoyote ng'avu, iweke katikati kabisa ya lenzi, toa fokasi makusudi, uangalie tundu jeusi. Likiwa katikati vioo vimekaa sawa. Likiwa limeegemea upande mmoja waziwazi, vioo vimehama, na hapo mtu mwenye uzoefu ni bora kuliko kufungua skrubu kwa kubahatisha, tena baadhi ya darubini ndogo kioo kikubwa hakina hata skrubu za kurekebisha. Kundi lolote la watu wa anga, au idara ya fizikia ya chuo, kuna mtu ataifanya kazi hiyo dakika kumi.

Macho: kama hata bila darubini unaona taa za barabarani zina miduara ya mwanga au mishale, au nyota unaziona mbilimbili, nenda ukapimwe. Kama ni kwenye darubini tu, ni fokasi. Na kama unavaa miwani ya kuona mbali au karibu unaweza kuivua, fokasi itarekebisha hilo, ila yenye marekebisho ya astigmatizimu (jicho lisilojipinda sawasawa) vaa.

La mwisho ni la lazima. Kwa vile unapenda kumtafuta Zuhura magharibi, subiri jua lizame KABISA ndo utoe kifuniko. Kama boksi lilikuja na kale kachujio keusi ka kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia kilichoandikwa ni cha jua, kitupe leo, kinapokea joto lote lililokusanywa na kioo na kinaweza kupasuka jicho lako likiwa palepale. Jua kupitia darubini linaunguza sehemu ya nyuma ya jicho na haiumi, manake sehemu hiyo haina hisia za maumivu. Mtu yeyote akichungulia jua kwa bahati mbaya, hasa mtoto, na baada ya hapo anaona doa au ukungu katikati, ni hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.